Kilemba cha dola bilioni moja

Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu, kwamba mwaka 2006 Google iliinunua YouTube kwa bei iliyowafanya watu washike vichwa. Mstari huo umeniletea barua nyingi kuliko makala yangu nzima ya simu bandia. Nimechagua nne. Mlionitumia maswali ya betri, subirini mwezi ujao.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi pikipiki, nina chaneli ndogo YouTube, naonyesha namna ya kufungua kabureta na kubadilisha pete za pistoni. Kama Google walikuwa tayari na tovuti yao ya video, na YouTube yenyewe ilikuwa bado haina faida, pesa zote hizo walinunua nini? Kompyuta? Video za watu?
Fundi, Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu. Kompyuta Google walikuwa nazo tele. Video nazo zilikuwa mali ya waliozitengeneza, na nyingine zilipakiwa bila wenyewe kuulizwa, jambo lililoleta kesi nitakayoifikia. Walicholipia ni kilemba.

Wewe wa Muheza huenda hakijakukuta, lakini aliyewahi kutafuta fremu ya duka Kariakoo anakijua. Kuna kodi ya mwenye nyumba. Kuna bei ya vitu vilivyomo, mashelfu na kaunta. Halafu kuna pesa anayotaka yule anayetoka, kwa sababu anakuachia mahali ambapo miguu ya watu imekwisha kupazoea. Pesa hiyo ndiyo kilemba; haina risiti na haipimwi kwa futi. Unatazama watu wanaoingia, unatazama jirani anayekutamania fremu hiyo hiyo, unataja kiasi, moyo unakudunda.

Tangazo lilitoka Jumatatu, 9 Oktoba 2006: dola bilioni 1.65, zikilipwa kwa hisa za Google. YouTube ilikuwa haijafikisha miaka miwili. Wafanyakazi hawakutimia 70, na kazi yao waliifanyia San Mateo, California, ghorofani juu ya mkahawa wa piza. Miaka michache baadaye Eric Schmidt, aliyekuwa mkuu wa Google, alihojiwa na mawakili chini ya kiapo. Akasema kwa makadirio yake YouTube ilistahili dola milioni 600 au 700. Toa mwenyewe hapo. Karibu bilioni moja nzima ni kilemba, na aliyekiri ni mlipaji. Alieleza kwamba YouTube ilikuwa inawaacha mbali kwa kasi ya kukua, na kama wasingeichukua wao angeichukua mwingine. Yahoo nao walikuwa wanabisha hodi.

Unauliza kwa nini wasitumie ya kwao. Waliitumia, na walitangulia kabisa. Google Video ilizinduliwa Januari 2005. Jina la YouTube lilisajiliwa tarehe 14 Februari mwaka huo. Lakini ile ya Google ilianza kama kazi ya wasomi: ilitafuta maneno yaliyosemwa kwenye vipindi vya televisheni, na picha yenyewe huioni. Walipofungua mlango wa kupakia, video yako ilikaguliwa kwanza ndipo ionekane, na mtazamaji naye mwanzoni alitakiwa aweke programu ya pekee kwenye kompyuta yake. YouTube walikuwa watu wa sokoni. Unapakia, inaonekana. Kutazama kulitumia Flash, programu ndogo ya kuchezesha video ambayo kompyuta nyingi zilikuwa nayo tayari. Ukiipenda, unanakili mstari mmoja wa herufi, unaubandika kwenye ukurasa wako wa MySpace, mtandao wa kijamii wa wakati ule, video inacheza pale pale. Kila aliyebandika akawa mpiga debe asiyelipwa. Kufika katikati ya 2006 video zilitazamwa mara milioni 100 kwa siku, na kila siku zilipakiwa mpya 65,000.

Hayo ya MySpace sikuyaona kwa macho. Nililoliona ni hili. Mwaka huo nilikuwa na intaneti kafe Tanga, Ngamiani, Barabara ya Kumi: kompyuta sita, feni mbili, na dishi juu ya bati lililotuletea kasi ya kilobiti 128 kwa sekunde, tukigawana wote. Waya wa chini ya bahari haukuwepo. SEACOM ilitua Dar es Salaam na Mombasa Julai 2009. Video ya dakika tatu, hata ile yenye picha ya ukungu ya wakati ule, ilimeza njia yote kwa dakika saba, na hiyo ni kama wengine watano wamekaa mikono kifuani. Nikabandika karatasi ukutani: MARUFUKU KUFUNGUA VIDEO, FAINI SH. 1,000.

Kulikuwa na kijana mmoja wa sekondari, mpole, mwenye shati lililofuliwa hadi kola ikachakaa. Alilipa nusu saa, shilingi 500, akafungua video, akaisimamisha, akashusha dirisha lisionekane, akavuka barabara kwenda kunywa chai. Akarudi mstari wa chini ya video umejaa. Akaitazama mara moja, akaiangalia saa, akairudia ya pili. Mpira wa miguu, nadhani ilikuwa chenga za Ronaldinho. Nilimkamata mara tatu na mara tatu akalipa faini bila ubishi. Hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari za Google Video. Mtu anayekubali faini mara mbili ya nauli yake ya mashine ili aone dakika tatu, huyo ndiye aliyekuwa ndani ya ile bilioni. Mimi nilimwona mharibifu wa mtandao wangu. Ndiyo maana mimi naandika safu hii na wao wako California.

Mwaka 2011 nikauza kafe. Mnunuzi alitoka Korogwe, akazipiga kompyuta zangu teke kidogo kidogo kama anayenunua tairi, akasema zote na meza zake laki tisa. Nikataka milioni mbili na nusu, tukaachana kwenye mbili na laki mbili. Zaidi ya nusu ni kilemba, na nilikihesabu mara mbili nyumbani nimefunga mlango. Haikupita miaka miwili watu wote wana simu na bando, kafe ikageuka kuwa ya kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti. Kilemba kinaweza kukuozea mkononi, mwanangu. Google wangeweza kuambulia hivyo hivyo, na wengi walisema wataambulia hivyo. Tajiri mmoja wa Marekani, Mark Cuban, alisema muda mfupi kabla kwamba atakayeinunua YouTube ni mjinga, kwa sababu ya kesi za hakimiliki zitakazomwangukia. (Huyu naye mwaka 1999 aliwauzia Yahoo tovuti yake ya matangazo ya sauti na video, Broadcast.com, kwa dola bilioni 5.7 za hisa, na Yahoo baadaye wakaifunga. Alijua anachokisema kuhusu wanunuzi.)

Kesi zilikuja kweli. Google hawakuwa wamelala; katika malipo walizuia asilimia 12.5 ya hisa kwa mwaka mmoja, akiba ya madai. Siku ile ile ya tangazo YouTube ilitoa habari za mapatano na kampuni za muziki Universal na Sony BMG, na televisheni ya CBS. Wengine hawakukubali. Machi 2007 Viacom, wenye MTV na Nickelodeon, walifungua kesi wakidai dola bilioni moja kwa vipande karibu 160,000 vya vipindi vyao. Ilienda juu na chini: YouTube ikashinda 2010, rufaa ikaifufua kesi 2012, ikashinda tena 2013, wakapatana Machi 2014 bila kutangaza masharti.

Katikati ya kesi hiyo kuna kitu kilinichekesha peke yangu kama mwehu. Upande wa YouTube ulidai kwamba Viacom wenyewe walikuwa wakipakia vipande vyao kwa siri ili vipate watazamaji, wakivichafua kidogo vionekane vya wizi, na kwamba waliwatuma wafanyakazi kwenye maduka ya Kinko's ili kompyuta zisijulikane ni za nani. Kinko's ni duka la kutoa kopi lenye kompyuta za kukodi. Yaani kafe yangu ile ile. Na mimi nilikuwa natoza faini.

Wewe fundi unajua: gereji ikiuzwa, wateja humfuata fundi. Google walilijua hilo. Jina la YouTube hawakuligusa, mafundi wake waliachwa waendelee, na duka lililofungwa ni la mnunuzi. Google Video iliacha kupokea video mwaka 2009 na ikazimwa kabisa 2012.

SWALI: Bibi, salamu za Mombasa. Mie nauliza la pesa. Wale vijana walikuwa watatu, mbona siku ya kutangaza tuliona wawili tu wakicheka mbele ya kamera? Nasikia wa tatu alipunjwa.
Msomaji, Likoni

JIBU: Salamu nimezipokea, japo "Bibi" ningeomba isubiri kidogo.

Wawili uliowaona ni Chad Hurley na Steve Chen, kwenye video fupi waliyoirekodi nje, Hurley akisema wafalme wawili wamekutana, halafu wanashindwa kujizuia kicheko. Wa tatu ni Jawed Karim. Wote watatu walifanya kazi PayPal, kampuni ya malipo ya mtandaoni iliyouzwa kwa eBay mwaka 2002, kwa hiyo biashara ya kununuliwa hawakuisikia redioni. Video ya kwanza kabisa ya YouTube ni ya Karim: amesimama mbele ya tembo kwenye bustani ya wanyama ya San Diego, tarehe 23 Aprili 2005, sekunde 19, anasema tembo wana mikonga mirefu sana. Basi.

Kampuni ilipoanza kuchangamka, yeye aliamua kurudi shule, Chuo Kikuu cha Stanford, akabaki mshauri. Hisa zake zikawa chache kwa sababu hiyo. Taarifa iliyowasilishwa serikalini Februari 2007 ilionyesha Hurley amepata hisa za thamani ya dola milioni 345 hivi, Chen milioni 326, Karim kama milioni 64. Sasa, ukiniambia mwanafunzi anayeingia darasani na milioni 64 amepunjwa, itabidi tukae chini na kahawa.

Mimi jicho langu liko kwa wa nne ambaye hukumtaja. Sequoia Capital, kampuni ya kuwekeza mitaji, waliweka mtaji wa dola milioni 11.5 kwa awamu mbili, Novemba 2005 na Aprili 2006. Wakatoka na hisa za thamani ya milioni 442. Ndiyo, hazikufika miezi kumi na miwili tangu waweke shilingi ya kwanza hadi tangazo. Halafu kumbuka walilipwa hisa. Hisa moja ya Google ya mwaka 2006, kwa kugawanywa mwaka 2014 na tena 2022, leo imekuwa hisa 40. Aliyeuza mapema kununua nyumba analijua hilo, na huenda halali vizuri ndani ya nyumba hiyo.

Chen amewahi kusimulia kwamba wakubwa wa Google walikutana nao Denny's, mkahawa wa kawaida wa familia, ambapo hakuna angewatambua. Mezani kulikuwa na vijiti vya jibini vya kukaanga. Wazee wetu wa Mwembe Tayari wangeagiza mahamri, lakini sababu ni ile ile: mambo makubwa hayazungumzwi penye masikio.

SWALI: Assalaam alaykum dada. Mwaka 2008 nilipakia video ya harusi ya mdogo wangu, Pangani, yenye tarumbeta na kina mama wamevaa sare. Imetazamwa zaidi ya mara laki mbili na sijapata hata baisa. Je, walipouza tovuti, sisi tuliopakia tulipata nini? Na mimi nifanyeje?
Mama Harusi, Muscat

JIBU: Wa alaykum salaam dada yangu, na hongera kwa mdogo wako, japo nimechelewa.

Siku ya kuuza, waliopakia hawakupata kitu. Masharti ya tovuti yaliacha umiliki wa video kwako, ukiwapa wao ruhusa ya kuionyesha. Na ruhusa hiyo ilihama na kampuni kwa mwenye mpya, kama mpangaji anavyokuta siku moja kodi analipa kwa mtu mwingine.

Malipo yalianza baada ya kununuliwa, na hapo nitawasifu wanunuzi, maana huko nyuma hakukuwa na mpango wa kumlipa mpakiaji. Mei 2007 walichagua watu wachache wawe washirika, wagawane nao pesa ya matangazo. Hatimaye kiwango kilichozoeleka ni asilimia 55 kwa mwenye video ndefu. Mlango huo umekuwa mwembamba. Tangu Januari 2018, kwa video ndefu, unahitaji wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 ndipo upate pesa ya matangazo. Wewe una video moja ya zamani. Laki mbili kwa miaka mingi kiasi hicho, saa 4,000 ndani ya mwaka mmoja hazitimii.

Na hata zingetimia, kuna tarumbeta. Kama ni wapiga tarumbeta wenu wa Pangani wakicheza papo hapo, sawa, hiyo ni baina yako na wao. Lakini najua harusi zetu: tarumbeta ikinyamaza, spika inafunguliwa na wimbo wa mtu unaanza. Kutoka 2007 YouTube ina mtambo unaoitwa Content ID. Mwenye wimbo anawapa nakala yake, mtambo unailinganisha na kila kinachopakiwa, ukipata mfanano anachagua: video izuiwe, au iachwe na pesa ya matangazo iende kwake. Mtambo huu ni mtoto wa vitisho vya kina Viacom. Kwa hiyo inawezekana harusi ya mdogo wako imekuwa ikimlipa msanii fulani miaka yote hii. Fungua Studio ya chaneli yako, tazama safu ya vizuizi. Ikiandika dai la hakimiliki, ndiyo hiyo.

Ukitaka kuanza upya, fungua chaneli ya mapishi au ususi, kitu unachokifanya mwenyewe kila wiki. Jaza fomu ya kodi ya Marekani mapema. Tangu Juni 2021 wanakata kodi kwenye sehemu ya mapato inayotokana na watazamaji walioko Marekani, asilimia 30 kwa nchi zisizo na mkataba nao wa kodi, na Oman na Tanzania zote hazina. Usipojaza fomu wanaweza kukukata kwenye mapato yote, ya kila nchi. Malipo hayatoki mpaka yafike dola 100. Walioko nyumbani Tanzania wana mzigo mwingine: kanuni za 2018 ziliwataka wenye televisheni za mtandaoni wakate leseni TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, na ada ya mwaka ilianza na shilingi milioni moja. Ada zimeguswa tangu hapo, kwa hiyo ulizeni ofisini kabla ya kuwasha kamera.

Kwa upande wa pili wa kaunta, Februari 2020 ndipo kampuni mama, Alphabet, ilipotaja kwa mara ya kwanza matangazo ya YouTube yanaingiza kiasi gani: mwaka 2019, zaidi ya dola bilioni 15. Nilichukua kikokotozi. Bei yote ya 2006 inarudi kwa siku 40 za mauzo, kabla ya kutoa mgawo wa wenye video na gharama. Arobaini. Ya mzazi au ya mwizi, chagua mwenyewe.

SWALI: Mama, ni kweli kuna kiwanda kilichoangushwa na YouTube kwa sababu ya jina? Tumebishana kijiweni, dau ni soda.
Kijiwe cha Hamugembe, Bukoba

JIBU: Aliyesema ndiyo anywe soda, lakini nusu, kwa sababu hakikuwa kiwanda, na kilichoanguka ni tovuti. Huko Perrysburg, Ohio, kuna kampuni iliyoitwa Universal Tube & Rollform Equipment, wauzaji wa mashine zilizotumika za kutengenezea mabomba. Anwani yao ya mtandaoni tangu miaka ya 1990 ilikuwa utube.com. Watu waliposikia habari za YouTube mdomoni tu, bila kuona imeandikwaje, wakaandika walivyosikia. Mamilioni yao wakamwagikia kwenye tovuti ya mabomba, seva ikazidiwa, wateja wa kweli wa mashine wakashindwa kuingia. Mwaka 2006, baada ya ule ununuzi kutangazwa, wakaenda mahakamani kuishtaki YouTube, na baadaye wakahamia anwani nyingine.

Nawaonea huruma. Nilipouza kafe, mnunuzi alibaki na kibao cha mlangoni chenye namba yangu ya simu, akisema atakipaka rangi mwezi ukiisha. Hakukipaka. Miaka mitatu baadaye nilikuwa bado napigiwa asubuhi, mtu anauliza kopi ni shilingi ngapi na kama Jumapili tunafungua. Nilichoka kueleza. Nikawa najibu tunafungua, saa nne.